Mshale Umefika, Kisanduku Bado Kiko Njiani

Jirani yangu mmoja hapa Spring Valley, Nairobi, hufanyia kazi nyumbani, kwenye kinyumba cha uani nyuma ya jumba la watu. Huyachorea mashirika ya Westlands mtiririko wa shughuli zao: mgonjwa akiingia zahanati anaanzia wapi, nani anampokea, faili lake linakwenda kwa nani. Alhamisi moja alinigongea mlango simu ikiwa sikioni, akigombana na watu wa intaneti. Kisanduku cha "Mapokezi" kilikuwa kimegoma. Akikishika na kukivuta kulia, mshale wa kipanya unafika, kisanduku kinabaki nyuma, halafu kinaruka ghafla kama abiria aliyeshtuka kwamba amepitishwa stegi yake. "Net iko chini," akaniambia. Nikamwomba azime Wi-Fi kabisa kisha akiburute tena. Kikachelewa vilevile.

Nawe anzia hapo. Hifadhi mchoro wako, zima Wi-Fi, buruta umbo lilelile. Likiendelea kukwama, basi muache mtu wa intaneti apumzike. Vihariri vingi vya michoro vya kwenye kivinjari, draw.io na Excalidraw vikiwemo, hupakuliwa vikafanya kazi ndani ya mashine yako. Mtandao unahitajika unapokifungua kihariri, unapohifadhi kwenye seva, na unapochora pamoja na wenzako. Safari ya kisanduku kutoka kushoto kwenda kulia haitoki nje ya kompyuta. Vipo vihariri vya kuchora kwa pamoja ambavyo hufunga kazi mara mtandao unapokatika. Kama chako ni cha aina hiyo, ruka jaribio hili, tutakirudia baadaye.

Sikatai kwamba intaneti yetu ina historia. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini kusini mwa Afrika, Nairobi nzima ilitambaa. Siku kama hiyo inaacha mazoea: tangu hapo kila kinachochelewa kwenye skrini kina mshitakiwa mmoja. Nimeona watu wakibadilisha kampuni ya intaneti kwa sababu ya tatizo lililokuwa kwenye feni ya laptopu.

Tazama mshale, usitazame kisanduku

Shika umbo, lizungushe duara polepole, macho yako yakiwa kwenye mshale wenyewe. Mshale huchorwa na mfumo wa kompyuta, nje ya kivinjari, ndiyo maana unaweza kuteleza vizuri hata kivinjari kikiwa kimeganda kabisa. Kwa hiyo ukiona mshale unateleza na kisanduku kinachechemea, tatizo liko kwenye kivinjari au kwenye mchoro. Mshale wenyewe ukirukaruka, tatizo liko kwenye kipanya, kwenye padi ya mguso, au mashine nzima imelemewa.

Kipanya kisicho na waya kina kisa chake ambacho wengi hawakijui. Kipokezi chake kidogo hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Ukikichomeka bega kwa bega na diski ya nje ya USB 3, diski hiyo inapofanya kazi hutoa kelele ya redio inayoangukia masafa hayohayo, na mshale unaanza kuruka. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu. Ni dawa ya bure. Padi za mguso za laptopu za ex-UK tunazonunua Moi Avenue nazo huwa zimechoka: kitufe cha kushoto kinaachia katikati ya safari na umbo linaangukia mahali usipotaka. Kipanya cha waya kitakupa jibu ndani ya dakika moja.

Mshale ukiwa mzima, jiulize kisanduku kinakwama wakati gani: unapokishika, kikiwa njiani, au unapokiachia? Watu husema tu "imehang", na hapo fundi hana pa kuanzia. Nyakati hizi tatu zina magonjwa tofauti.

Ili uelewe kwa nini, kumbuka kwamba skrini ya kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Kivinjari kina milisekunde kama 16.7 za kumaliza kila picha: kupokea habari kwamba kipanya kimesogea, kukokotoa mahali papya pa umbo, kupanga mistari inayoliunganisha na mengine, kisha kupaka rangi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita kwenye njia moja tu, kama Peponi Road ambako magari ya kwenda yana mstari mmoja. Lori moja la mawe likipanda polepole, wote walio nyuma yake wanakwenda mwendo wa lori, hata mwenye gari la bei gani. Katika kivinjari lori hilo laweza kuwa kiendelezi kinachosoma kila neno la ukurasa, au mpango wa kuhifadhi faili lote kila baada ya badiliko dogo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 1993 kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde ndiyo mpaka wa mtu kuhisi mashine inamjibu papo hapo. Kwa kubofya kitufe, nakubali. Kwa kuburuta, mkono wako utalalamika mapema zaidi, kwa sababu unauona umbali kati ya mshale na kisanduku.

Kikichelewa unapokishika, na kikishaondoka kinakwenda vizuri, mara nyingi kihariri kinajiandaa: kinatafuta umbo lipi liko chini ya mshale kati ya mamia, au kinafungua paneli ya mitindo pembeni. Funga paneli zisizohitajika na uvunje kundi kubwa la maumbo yaliyofungwa pamoja. Ni tatizo dogo, tusilikalie.

Kikikwama njiani

Hapa ndipo kwenye kazi. Mambo manne huchangia, na kwa jirani yangu matatu yalikuwepo kwa pamoja.

La kwanza ni stima. Siku ile ilikuwa imepotea tangu asubuhi na laptopu ilikuwa kwenye betri. Windows ikiwa kwenye betri hupunguza kasi ya prosesa ili chaji idumu, na Chrome nayo ina hali yake ya kuokoa nishati, iliyoanza kusambazwa Desemba 2022, ambayo kwa kawaida hujiwasha chaji ikifika asilimia 20 na kupunguza kasi ya mambo yanayosogea kwenye skrini. Kwa hiyo mchoro uliokuwa mwepesi saa tatu asubuhi unakuwa mzito saa nane mchana bila mtu kuugusa. Kabla hujafanya lolote, chomeka chaja ujaribu tena. Kama stima haipo, ingia mipangilio ya betri ya Windows uchague utendaji badala ya akiba, na uzime hali hiyo ya Chrome kwa muda wa kazi tu.

La pili ni kadi ya picha. Kivinjari kinapenda kuipa kadi ya picha kazi ya kupaka rangi. Lakini dereva wa kadi, yaani programu inayoiendesha, akiwa mzee, kivinjari humkimbia na kuibebesha prosesa mzigo wote. Andika chrome://gpu kwenye sehemu ya anwani na usome orodha ya juu: ukiona mistari mingi inayosema kazi inafanywa na programu badala ya kadi, umepata mchawi wako. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Mfumo, uhakikishe swichi ya kuharakisha picha imewashwa, kisha ufunge kivinjari na kukifungua upya. Sasisha dereva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu. Na kuna kinyume chake, kinachowachanganya watu: kwenye mashine fulani kuukuu kadi yenyewe ndiyo mbovu, na kuizima swichi hiyo ndiko kunakoleta nafuu. Jaribu pande zote mbili. Usiamini ushauri wa mtu anayekuambia upande mmoja bila kuiona mashine yako.

La tatu ni vumbi na joto. Mtaa wetu umegeuka eneo la ujenzi. Nyumba za zamani zinabomolewa, maghorofa yanapanda, na vumbi lake linaishia ndani ya feni. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni kwamba uburutaji ni mzuri dakika kumi za kwanza, halafu unaharibika taratibu, na feni inalia kama posho mill. Mpe fundi aisafishe na kubadilisha ile gundi ya kupoozea. Usiweke laptopu juu ya kitanda.

La nne ni umati ndani ya kivinjari. Ukiwa kwenye Chrome ya Windows bonyeza Shift na Esc. Litafunguka jedwali linaloonyesha kila kichupo na kila kiendelezi kinakula kumbukumbu na prosesa kiasi gani. Jirani yangu alikuwa na vichupo 31 kwenye mashine ya RAM ya gigabaiti 4. Viendelezi vya kusahihisha Kiingereza na vya kutafsiri ndivyo wakosaji wakubwa, kwa kuwa hupenyeza mikono yao ndani ya kila ukurasa, hata ule wa mchoro. Njia fupi ya kuvipima ni kufungua mchoro huohuo kwenye dirisha fiche, ambako viendelezi huwa vimezimwa isipokuwa ulivyoviruhusu. Ukiburutika vizuri huko, rudi uvizime kimoja kimoja.

Ukimaliza mashine, geukia mchoro. Kila umbo kwenye kihariri kinachotumia SVG, yaani picha za mistari badala ya pikseli, ni kitu kamili ambacho kivinjari lazima kikifuatilie, na kila kivuli au ukungu unaouongeza ni hesabu ya ziada kila skrini inapochorwa upya. Vivuli vinapendeza kwenye mkutano wa wafadhili. Viwekwe siku ya mwisho, kazi ikishakwisha. Mistari inayopinda yenyewe kukwepa maumbo hulazimika kutafuta njia upya kila kisanduku kinaposogea. Kisanduku chenye mistari 20 ni kazi ya kutosha kuikwamisha mashine ndogo. Geuza mistari hiyo kuwa ya kawaida unapopanga, irudishe kupinda baadaye. Zima pia ile misaada ya kulinganisha inayokuonyesha vistari vya rangi umbo linapokuwa sambamba na jingine, kwa sababu ili kuvionyesha vistari hivyo kihariri kinalinganisha umbo lako na majirani zake wote wakati wote. Na mchoro ukizidi maumbo mia kadhaa kwenye ukurasa mmoja, ugawe. Hakuna mkurugenzi anayeweza kuusoma kwa vyovyote.

Kikikwama unapokiachia

Kisanduku kinateleza vizuri, unakiachia, kisha kila kitu kinasimama sekunde nzima. Huo si uburutaji tena, ni uhifadhi. Kihariri kinaandika upya faili zima na kuweka kumbukumbu ya hatua iliyopita ili uweze kuitengua. Faili likiwa dogo hutambui. Likiwa na picha ndani yake, utatambua.

Kwa jirani yangu hili nalo lilikuwepo, juu ya yale matatu. Alipiga picha ya muhuri wa shirika kwa simu, akaibandika kwenye kona ya kila ukurasa, na kurasa zilikuwa tisa. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12; kila moja ikichukua baiti 4 inapofunguliwa kwenye kumbukumbu, hiyo ni takriban megabaiti 48 kwa muhuri ambao kwenye ukurasa hauzidi ukubwa wa kifuniko cha soda. Tena picha iliyobandikwa ndani ya faili la maandishi hugeuzwa herufi, na mgeuzo huo peke yake huongeza ukubwa kwa karibu theluthi moja. Kila alipoachia kisanduku, mihuri tisa ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa pamoja nacho.

Ipunguze picha kabla ya kuibandika: upana wa pikseli 300 unatosha kwa nembo ya kona. Kama unaweza kuipata ikiwa SVG, bora zaidi. Na kama kihariri chako kinaruhusu, ongeza muda kati ya uhifadhi mmoja na mwingine, au zima uhifadhi wa kila badiliko na ubonyeze Ctrl na S mwenyewe. Ukichagua hili la mwisho, kumbuka unaishi katika mji ambao stima haipigi hodi inapoondoka.

Yasiyo ugonjwa

Umbo likisogea kwa vihatua vidogo vilivyo sawa, linanasa kwenye gridi. Kwenye draw.io gridi ya kawaida ni pikseli 10. Shikilia Alt unapoburuta uipuuze. Umbo likiangukia pembeni ya mahali ulipoonyesha, angalia kama umeukuza ukurasa wa kivinjari. Bonyeza Ctrl na 0 urudi asilimia 100, kisha ukuze kwa kutumia kihariri chenyewe. Ukiburuta maumbo mengi kwa pamoja na kuona fremu ya nukta tu ikisafiri badala ya maumbo, huo ni uamuzi wa waundaji ili kuokoa nguvu. Washukuru. Na lisiposogea kabisa huenda tabaka lake limefungwa kwa kufuli. Nimewahi kukaa nusu saa nikitafuta ugonjwa wa kufuli niliyoifunga mwenyewe.

Kwenye simu kuna ugomvi mwingine. Mwanafunzi wa kampasi ya Lower Kabete aliyeketi ndani ya matatu ya Wangige, akimalizia mchoro wa kukabidhi leo, atakuta kila akiburuta umbo ukurasa mzima unasogea. Kidole kimoja kina kazi mbili, kusogeza ukurasa na kubeba kitu, na kivinjari kinalazimika kubashiri. Gusa umbo kwanza lichaguliwe, kandamiza kidogo, ndipo uvute. Tumia vidole viwili kusogeza ukurasa. Njia ya asili ya kuburuta ndani ya kurasa za wavuti ilitoka kwa Microsoft, kwenye Internet Explorer 5 ya mwaka 1999, enzi ambazo hakuna aliyeiwazia skrini ya kidole. Kihariri kilichojengwa juu ya njia hiyo bado kinaonyesha umri wake.

Mtandao unapokuwa mkosaji kweli

Dalili yake haifanani na zile za juu. Kisanduku kinakufuata bila shida, unakiachia, unaendelea na jingine, halafu kile cha kwanza kinarudi kilikotoka. Au kwako kimekaa vizuri ila mwenzako aliyeko Kisumu anakiona mahali pengine. Seva imepokea habari zako kwa kuchelewa, ikakuta mwingine amekigusa, ikaamua. Mwanga ndani ya nyaya husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 za waya inakula milisekunde 100 za kwenda na kurudi kabla haijafanya kazi yoyote. Hiyo huwezi kuipunguza kwa kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi kinaongeza upana wa barabara, hakisogezi Ulaya karibu. Gawaneni kurasa: wewe ukurasa wako, yeye wake. Au mmoja achore na wengine waseme.

Kama wewe ndiye unayeandika programu za aina hii, na ofisi za namna hiyo zimejaa kuanzia Sarit kule Westlands hadi huku kwetu, nina maombi machache. Tumia matukio ya pointer badala ya ile njia ya 1999, na uite setPointerCapture mtumiaji anaposhika umbo. Kisanduku kinachodondoka mtu akivuta haraka ni kosa lako, si la mkono wake. Weka touch-action: none juu ya turubai. Sogeza umbo kwa transform, usibadilishe left na top, na usiulize vipimo vya ukurasa katikati ya kila msogeo, maana utakilazimisha kivinjari kupanga kila kitu upya. Kusanya misogeo yote na uchore mara moja ndani ya requestAnimationFrame. Njia kamili ya mistari itafutwe kisanduku kikishatua. Usijifiche nyuma ya kipimo cha Google kiitwacho INP kilichoanza kuhesabiwa rasmi Machi 12, 2024: hicho hupima kubofya, kugusa na kubonyeza kibodi, na milisekunde 200 zake hazisemi lolote kuhusu mwendo wenyewe wa kuburuta. Na mara moja kwa wiki fungua zana za waundaji, punguza kasi ya prosesa mara 6, ndipo ujaribu ulichokijenga. Hiyo ndiyo laptopu ya mteja wako.

Siku ambayo hakuna kati ya haya lililosaidia, na mchoro unatakiwa jioni, acha kuburuta. Chagua umbo ulisogeze kwa vitufe vya mishale, au andika namba za mahali pake kwenye paneli ya mpangilio. Au uandike mchoro mzima kwa maneno. Mermaid, iliyoanza mwaka 2014, inakubali mistari mifupi kama Mapokezi --> Daktari na kukupangia visanduku yenyewe, na draw.io inaweza kuyapokea maandishi hayo na kuyageuza mchoro. Jirani yangu aliumaliza wa zahanati hivyo, mistari 14, chaji ikiwa asilimia 11, kisha akaingia Notepad kuandika mwingine huku akisubiri stima.